"Damu ya mtoto wangu ilisema nini?" Naomba ushauri kabla sijakubali utafiti mwingine mtaani kwetu

Mama Reko, Kadutu (Bukavu)

Wapendwa, salamu kutoka Bukavu. Mimi ni reko, yaani mhamasishaji wa afya wa kujitolea, huku Kadutu, upande wa juu ambako nyumba zimepandana kama ngazi na mvua ikinyesha njia yote inateremka na wewe. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Asubuhi napita nyumba kwa nyumba: nakumbusha chanjo, nahesabu watoto waliozaliwa, napima mikono ya wadogo kwa ule utepe wenye nyekundu, njano na kijani. Mchana nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni.

Miaka minne iliyopita walikuja watafiti. Sitasema walitoka wapi. Walikuwa na barua iliyopigwa mhuri, titileri, yaani muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya, akatuita mareko sita, tukafundishwa siku mbili. Walitaka kujua kwa nini watoto wa chini ya miaka mitano huku mlimani hawarefuki na kwa nini wengi wana upungufu wa damu. Nilifurahi kweli. Lilikuwa swali langu mwenyewe, nililolibeba miaka mingi bila mtu wa kuniuliza. Nikawaandikishia nyumba sitini na nne. Daftari ninalo mpaka leo, lina jalada la bluu, nimeliviringisha kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati ili panya wasilifikie.

Kazi ilikwenda hivi. Mtafiti anasoma karatasi ya Kifaransa, kurasa nne. Mimi naigeuza Kiswahili, na kwa bibi wa nyumbani naigeuza tena Kimashi. Mama anasikiliza huku mtoto anamvuta kitenge. Mwishoni anaulizwa kama amekubali, anasema ndiyo, anachovya kidole gumba kwenye wino. Mtoto anasimamishwa kwenye ubao wa kupimia urefu, anapandishwa kwenye mizani, halafu anashikwa mkono. Damu inaingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kichupa kinaingia kwenye kisanduku cha barafu. Mama anapewa mche wa sabuni na kilo ya sukari. Na kila mara, kabla hatujatoka uani, nilisema maneno niliyofundishwa: "Majibu yatarudi." Niliyasema mara sitini na nne kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hayakurudi. Mwezi wa tatu nikampigia msimamizi, akasema sampuli ziko maabara. Mwezi wa saba akasema bado wanachambua. Baada ya mwaka namba yake ikawa haipatikani tena. Titileri naye alihamishwa, aliyekuja badala yake hakuwahi hata kusikia habari ya utafiti huo.

Kuna mama mmoja. Mtoto wake wakati ule alikuwa na miaka miwili, viganja vimepauka, na alikuwa anabandua udongo wa ukutani na kuula. Mama huyo ndiye aliyekubali wa kwanza, na ndiye aliyeniitia majirani zake watano. Tunakutana bombani karibu kila siku. Hajawahi kunitukana. Anaweka bidoni chini, anasubiri zamu yake, ananiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama Reko, damu ya mtoto wangu ilisema nini?" Mtoto sasa yuko darasa la kwanza, ananisalimia kwa jina. Mimi sina jibu.

Wengine wameacha kuuliza, wanafunga mlango tu. Kampeni ya surua ilipokuja, nyumba ambazo zamani zilinipa kiti zilinijibu kupitia dirishani kwamba damu ya kwanza iliuzwa, sasa wanakuja kuchukua ya pili. Chanjo ya surua haikuwakosea kitu. Lakini sura waliyoiona mlangoni ni ile ile, yangu.

Sasa imekuja timu nyingine. Wanataka kuchunguza upungufu wa damu kwa wajawazito. Daktari wa zoni, yaani eneo letu la afya, amekubali, wanatafuta mareko wanane, na watatoa dola tano kwa siku za usafiri na chakula. Sitawaficha: dola tano kwangu ni chakula cha siku mbili, na mume wangu hajapata kazi tangu mwaka jana. Kikao cha kwanza ni Jumatano ya wiki ijayo.

Nikatae? Nikikubali, niwatake nini kabla sijabisha mlango wa kwanza? Na yule mama wa bombani nimwambie nini?

---

Muuguzi wa Majengo (Goma)

Mama Reko, pole sana. Nimesoma ujumbe wako mara mbili nikiwa zamu ya usiku.

Nikueleze niliyoyaona hapa kwetu. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mgonjwa wa kwanza alionekana Goma Julai 2019. Novemba mwaka huo ikaletwa chanjo ya pili, ya utafiti, ikaanzia hapa Majengo na Kahembe. Ilikuwa ya dozi mbili, ya pili siku ya 56. Na kumbuka miezi michache kabla, waziri wa afya mwenyewe alikuwa ameikataa hadharani, na akajiuzulu Julai. Watu walisikia kwenye redio. Basi unakaa na mama uani kwake, anakuuliza: "Kama waziri alikataa, mimi ni nani nikubali?" Huwezi kumwambia hilo ni swali la mjinga. Ni swali la mtu mwenye akili timamu.

Kilichonifundisha kazi ni mama mmoja muuza mahindi. Nilimweleza yote vizuri, naye akaitikia kila sentensi kwa kichwa. Nikamwambia: haya mama, sasa wewe nieleze mimi. Akasema: "Mnataka kuona kama hii dawa itaniua au haitaniua." Kama ningemchovya kidole kwenye wino dakika moja kabla, ningekuwa na saini halali kabisa ya mtu ambaye hakuelewa neno. Nikaanza upya. Alirudi siku ya tatu na karatasi, binti yake amemwandikia maswali saba. Moja: siku ya 56 ikiangukia siku ninayovuka kwenda Gisenyi, Rwanda, kununua bidhaa, je? Tangu hapo kila mtu nilimwandikia siku yake ya dozi ya pili na kumwuliza siku hiyo huwa yuko wapi. Mungu anajua tulivyohangaika pale mpaka na Rwanda ulipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona.

Kwa hiyo kwanza: usikubali karatasi ya Kifaransa ya kurasa nne. Iandikwe Kiswahili cha kwetu, isomwe mbele yenu mareko kabla, mseme neno gani akina mama hawatalielewa. Na kila mama aeleze kwa maneno yake mwenyewe ndipo achovye kidole.

Pili, na hili ndilo kubwa: hemoglobini, kipimo kinachoonyesha kama damu inatosha, haihitaji kusubiriwa miaka minne. Kuna mashine ya mkononi, tone moja la damu ya kidole, namba inatokea pale pale chini ya dakika mbili. Waulize kama wanayo. Kisha waulize hivi, kwa maneno haya haya: "Mkikuta mjamzito ana hemoglobini chini ya gramu 7, mtafanya nini siku hiyo hiyo?" Chini ya 7 ni upungufu mkali wa damu, huyo haachiwi arudi nyumbani na sabuni. Kama hawana jibu la hospitali gani, nani analipa, usafiri wa nani, basi hawajawa tayari kuja.

Kuhusu uvumi wa damu kuuzwa, usiwafokee wanaousema. Wakati wa Ebola kule Beni watu walisema mgonjwa anaingia mzima kwenye hema na kutoka ndani ya mfuko, hakuna aliyeona kilichotokea katikati. Jibu lililosaidia halikuwa kipaza sauti. Shirika la matibabu la ALIMA walileta vyumba vya plastiki ya kupenya macho, vinaitwa CUBE, mke anakaa nje anamwona mumewe, wanaongea. Watu walitaka kuona, wakaonyeshwa.

Na nikuachie hili, maana nadhani litakusaidia bombani. Utafiti wa dawa za Ebola uliofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina uliitwa PALM, na herufi hizo ni Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681. Agosti 2019 walisimamisha mapema kwa sababu dawa mbili kati ya nne zilikuwa zimeonekana wazi kuokoa watu zaidi, wagonjwa waliofuata wakapewa hizo mbili. Moja, mAb114, chanzo chake ni damu ya Mkongo aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Miaka ishirini na tatu baadaye, damu ile ikawa dawa kitandani Beni. Damu yetu inaweza kusema kitu, mama. Na jibu linaweza kurudi.

---

Mwana Bagira (Bukavu)

Mimi nasema kataa. Huo utafiti wa dawa za Ebola uliongozwa na Profesa Muyembe, naye alikuwa na Kinshasa nyuma yake, wewe una daftari. Hawa wanakuja, wanapata digrii, wanapanda ndege kwenda kwenye mikutano. Mama zetu wanabaki na sabuni. Mtoto wa dada yangu alipimwa mara tatu na miradi mitatu tofauti kabla hajafika miaka mitano, na hakuna hata mmoja aliyemwambia dada yangu ana shida gani. Wasiingie. Wakikosa watu wa kuwapima watajifunza adabu.

---

Mama Reko, Kadutu (Bukavu)

Kaka wa Bagira, uchungu wako ni wangu. Lakini mwezi uliopita mjamzito wa avenyu ya juu alijifungulia nyumbani, alitoka damu, na kabla hawajamfikisha kwenye lami alikuwa ameshakwenda. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulijua ana safura, macho yake yalikuwa meupe. Hakuna aliyempima. Nikifunga mlango, ninawafungia nani?

Dada wa Majengo, nimeliandika lile swali la gramu 7 kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Asante kwa habari ya Kikwit.

---

Mtafiti, Lubumbashi

Mama, nakuandikia kama mtu wa upande wa pili wa meza. Ninafanya utafiti wa afya ya umma huku Lubumbashi, na miaka ya nyuma mimi pia niliwahi kuondoka na vichupa. Nikiwa mwanafunzi nilikusanya mkojo wa familia thelathini na mbili karibu na mahali wanapoosha mawe ya shaba. Nikaahidi kurudi. Nilirudi baada ya miaka miwili na nusu, na familia kumi na moja zilikuwa zimeshahama. Sitoi udhuru. Nataka tu ujue majibu hupotelea wapi, ili uzibe mahali hapo mapema.

Yanapotelea kwanza kwenye bajeti. Pesa zinapangwa kwa usafiri, vifaa, maabara, mchambuzi wa takwimu, mkutano. Kurudi kwa watu hakuandikwi, basi siku ya mwisho ya mradi hakuna hata mafuta ya pikipiki. Waombe wakuonyeshe mstari wa bajeti ulioandikwa kurudisha majibu. Wakisema "tutaona", maana yake haupo. Yanapotelea pia kwenye namba: majina yanafutwa na kuwekwa namba ili kulinda siri, jambo zuri, lakini ule ufunguo wa kuunganisha namba na jina unabaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Mtu huyo akiondoka, majibu ya mtoto wa yule mama yapo pengine mpaka sasa, lakini hakuna anayejua ni ya nani. Tafuta kama daftari lako liliandika namba za utafiti kando ya majina. Kama liliandika, una ufunguo mkononi.

Halafu kuna majibu ambayo watafiti wanaogopa kuyaleta. Hili nalijua kwa undani. Kule Kolwezi, mtaa wa Kasulo, watu walikuta madini ya kobalti chini ya nyumba zao wakaanza kuchimba uani. Utafiti uliotoka 2018, wa watu wa hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, ulikuta watoto wa mtaa huo wana kobalti mara kumi hivi kwenye mkojo kuliko watoto wa mahali pasipo na uchimbaji. Mwaka 2020 ukatoka mwingine, hapa hapa Lubumbashi, juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili: baba akiwa na kazi ya madini, hatari ilikuwa kubwa zaidi ya mara tano. Sikuwa ndani ya tafiti hizo. Lakini fikiria wewe ndiye reko unayetumwa kumpelekea mama namba kama hiyo. Atakuuliza dawa. Dawa ya kuisafisha kobalti ile mwilini mwake hakuna ya kumpa. Atakuuliza ahame aende wapi. Watafiti wengi hapa ndipo miguu inapokuwa mizito, wanajiambia heri asijue. Mimi siamini hivyo tena. Nilipofika kwenye zile familia ishirini na moja nilizozikuta, baba mmoja aliniambia hana uwezo wa kuacha kazi, lakini tangu siku hiyo ataacha nguo na viatu vya mgodini nje ya mlango na kuoga kabla hajambeba mtoto. Nilikuwa nimemwandalia maelezo marefu. Yeye ndiye alijua cha kufanya na ile namba.

Kwa hiyo tofautisha majibu ya mtu na majibu ya mtaa. Ya mtu arudishiwe yeye, faraghani, mapema. Ya mtaa (wangapi kati ya mia wana upungufu, na chanzo ni nini: chuma, malaria au minyoo ya safura) yaletwe kwenye mkutano, na kodesa yenu, ile kamati ya afya ya wakazi, iyapate kwenye karatasi ili iweze kwenda nayo kwa zoni kudai vidonge vya chuma na dawa za minyoo. Haki hii si fadhila. Tamko la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia nzima wanalifuata tangu 1964, linasema wanaoshiriki utafiti wapewe nafasi ya kujua matokeo yake. Hata karatasi ya idhini lazima iwe na namba ya kamati ya maadili iliyoruhusu utafiti. Hiyo siyo namba ya mtafiti. Piga hiyo.

Jambo moja la kitaalamu ambalo ningependa uliulize mbele ya watu wote, waone hujaja kubeba ndoo tu. Bukavu iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Huko juu oksijeni ni kidogo, mwili unatengeneza hemoglobini zaidi kufidia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaagiza kipimo kirekebishwe kulingana na kimo. Wakitumia mpaka wa pwani, kuna wajawazito wa Kadutu watakaoambiwa ni wazima kumbe hawana damu ya kutosha. Waulize wanatumia mpaka gani.

Na kwa ndugu wa Bagira: kusema damu imetumika kwa jambo lingine siyo upuuzi. Wahindi wekundu wa kabila la Havasupai kule Arizona, Marekani, walitoa damu kuanzia 1990 ili wajue kwa nini kisukari kinawamaliza. Baadaye wakagundua imechunguzwa pia kwa mambo ambayo hawakuwahi kuulizwa, ya magonjwa ya akili na asili ya kabila lao. Walishtaki. Mwaka 2010 chuo kiliwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Kwa hiyo Mama Reko, uliza pia: vichupa vikishapimwa, vinakwenda wapi, vinakaa muda gani, na nani anaweza kuvifungua tena?

---

Mwakilishi, Kilifi (Kenya)

Dada yangu, shikamoo kutoka pwani. Mie si daktari, ni mkulima wa minazi, lakini niliwahi kuchaguliwa na watu wa kijiji changu kuwa mwakilishi kwenye mambo ya utafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, hapa Kilifi. Utaratibu uko hivi: wawakilishi hawachaguliwi na watafiti, wanachaguliwa na wanakijiji wenzao. Tunasikilizishwa utafiti kabla haujaanza, twauliza, twarudi kijijini, twaleta maneno ya watu. Nimeona karatasi ya idhini ikibadilishwa kwa sababu bibi mmoja alisema neno lile kwetu ni tusi.

Kinachonishughulisha kwako ni hizo dola tano. Wewe unalipwa na watafiti na wakati huo huo ndiwe mdomo wa akina mama. Kofia mbili kichwa kimoja. Tafuteni mtu wa tatu, mama asiyelipwa na mradi, ambaye watu watamweleza malalamiko yakimhusu hata reko. Wasani, watu wa asili wa Afrika Kusini, waliandika kanuni zao wenyewe mwaka 2017, kila mtafiti anayetaka kuwajia azikubali kwanza: heshima, ukweli, haki, kujali. Kadutu mnaweza kuandika ukurasa mmoja tu.

---

Papa wa Katana

Mama, nitasema kidogo, simu ina moto kidogo.

Huku kwetu karibu na Lwiro, kuna watoto waliolazwa hospitalini kwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007. Hospitali ilitunza mafaili yao. Miaka mingi baadaye watafiti walirudi na yale mafaili, wakasaidiwa na mareko kama wewe, wakaanza kuulizia kijiji kwa kijiji: huyu mtoto wa fulani yuko wapi? Katikati vita vilipita, watu wakakimbia, wengine wakafa. Walipata zaidi ya mia tano, sasa watu wazima wenye watoto wao, wakawalinganisha na watu wa jirani ambao hawakuwahi kuugua vile. Wakaona utapiamlo wa utotoni unaacha alama mpaka ukubwani, kwenye mwili na kwenye masomo.

Kilichonigusa ni kwamba iliwezekana kwa sababu kulikuwa na karatasi, na kulikuwa na reko anayejua njia. Lile daftari la bluu usimpe mtu. Nakala wape, lenyewe ubaki nalo.

---

Mama Reko, Kadutu (Bukavu)

Nimerudi, wapendwa. Mtaniwia radhi kwa kimya.

Jumapili, kabla ya kikao, nilikwenda kwenye likirimba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa, akina mama kumi na nane. Baada ya kukusanya pesa niliomba dakika tano. Nikawaambia kuna timu inakuja, na kwamba safari hii sitabisha mlango wowote mpaka wao waniambie. Walikaa kimya kwanza. Halafu wakazungumza saa nzima, mpaka mwenye nyumba akawasha taa. Wengi hawakuuliza habari ya pesa. Waliuliza damu itachukuliwa kiasi gani, kijiko au kikombe. Walitaka mwanamke awapime na siyo mwanamume. Wakasema hawataki tena sabuni, wanataka vidonge vya chuma na chandarua. Na wakamchagua mama wa tatu, asiyelipwa. Nadhani mnajua ni nani. Alisema: "Nitakubali, lakini Mama Reko anijibu kwanza."

Jumatano nilikwenda na maswali yangu yote. Lile la gramu 7 lilinyamazisha chumba. Kiongozi wa timu, daktari kijana wa kike, alisema hawakuwa wamepanga usafiri wa dharura. Hakujitetea. Aliomba wiki mbili. La kimo alilijibu mara moja, wanarekebisha. Mashine za mkononi wanazo tatu. Karatasi ya Kiswahili haipo, tumekubaliana mareko wawili tukae naye kuiandika. Kuhusu vichupa vinavyobaki alisema vitateketezwa baada ya miaka miwili, nikamwomba aandike hilo kwenye karatasi ya idhini, akaandika. Mstari wa bajeti wa kurudisha majibu bado. Nimewaambia nitaanza siku nitakayouona kwa macho yangu, na mareko wanne wamesimama na mimi. Wengine watatu wameshaanza kazi, na siwalaumu, njaa haingoji.

Mtafiti wa Lubumbashi, nilifungua daftari. Namba za utafiti hazimo. Niliandika majina, umri wa watoto na kidole cha wino, basi.

Kwa hiyo jana asubuhi nilimfuata yule mama nyumbani kwake, sikungoja bombani. Nikamwambia: damu ya mtoto wako ilipimwa au haikupimwa, mimi sijui, na sitajua tena. Nilikuahidi kitu ambacho hakikuwa mkononi mwangu, na nimekuja kukuomba msamaha. Aliendelea kutwanga sombe kwa muda. Kisha akauliza kama ile mashine ya tone moja inapima na watoto.

Nilimwomba titileri wetu mpya, akatuazima nusu saa. Mtoto alitoa kidole mwenyewe, akatazama pembeni. Tone, kibamba kidogo, tukasubiri wote watatu tumeinamia kioo. 13.1. Titileri akasema kwa umri wake, hata kwa kimo chetu, ni damu ya kutosha. Mama yake aliniomba niirudie namba mara mbili. Tulipofika nyumbani akachukua kipande cha makala (makaa), akanipa, akanionyesha mahali kwenye ubao wa mlango, chini ya alama za chaki za kampeni za polio. Nikaandika: 13.1, na tarehe.